Kutoka Wodini Hadi Meza ya Uchunguzi: Mwongozo Kamili kwa Muuguzi Anayetaka Kuchunguza Udanganyifu wa Bima ya Afya

Muuguzi mwenye miaka kumi ya wodini anaitwa kwenye usaili wa kampuni ya bima. Anawekewa mezani faili la mgonjwa, fomu ya madai na karatasi tupu. Anapewa saa moja. Anasoma, anakuta dawa zilizodaiwa ambazo hazimo kwenye chati, moyo unamwenda mbio, anaandika: "Hospitali hii imeiba." Hapati kazi.

Nimeona jambo hili likijirudia kwa watu wanaoijua kazi ya uuguzi kuliko hata wanaowasaili. Hawakuangushwa na sheria wala hesabu. Waliandika hukumu mahali palipotakiwa ushahidi.

Wengine hawafiki hata kwenye usaili, kwa sababu barua zao za maombi zinazungumzia huruma na kujituma, sifa njema ambazo mwajiri huyu hakuziulizia.

Kazi yenyewe inaweza kujifunzwa, na muuguzi anaianza akiwa mbele. Mtu aliyewahi kubeba zamu ya usiku anajua faili la kweli linavyofanana: nani anaandika nini, saa ngapi, na kipi hakiwezi kukosekana. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka ya 4 na ya 6, zilizobaki hazitakusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Leseni hai ya uuguzi. Ihuishe hata kama hutagusa tena mgonjwa. Ripoti yako itapingwa, na swali la kwanza la mpinzani litakuwa: wewe ni nani hata useme huduma hii haikutolewa?
- Miaka kadhaa ya kazi ya kitandani. Wodi ya upasuaji, uzazi, wagonjwa mahututi na usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo zina uzito zaidi, kwa kuwa bili zake ni kubwa na kumbukumbu zake ni nyingi.
- Kompyuta yenye programu ya lahajedwali. Uweze kupanga safu, kuchuja, kujumlisha kwa makundi na kutafuta safu zinazojirudia. Inatosha kwa kuanzia.
- Orodha ya misimbo ya magonjwa (alama fupi za herufi na namba) ya Shirika la Afya Duniani. ICD-10 na ICD-11 zote zinasomeka bure kwenye intaneti.
- Kitabu cha mafao cha bima yoyote. Kile wanachopewa wanachama kinatosha. Kitakuonyesha kipi kinalipwa, kipi hakilipwi, na kipi kinahitaji kibali kwanza.
- Daftari la mazoezi.

Onyo: usitoe faili, picha ya chati wala jina la mgonjwa kutoka kazini kwako kwa ajili ya kujifunzia. Ni kuvunja siri ya mgonjwa, na anayeomba kazi ya kulinda ukweli kwa kuvunja siri amejifungia mlango mwenyewe. Tunga mafaili ya kubuni. Umeandika mamia ya mafaili maishani, unajua yanavyokuwa.

## Hatua ya 1: Jua ni meza ipi unayoiomba

Chini ya jina "udanganyifu wa bima" kuna kazi tofauti.

Mkaguzi wa madai anaangalia dai kabla halijalipwa. Anapitia mengi kwa siku na anauliza swali fupi: linalipika au halilipiki? Mchunguzi anaanza pale penye shaka. Anakaa na kesi moja wiki au miezi, anaomba mafaili, anaongea na watu na kuandika ripoti inayoweza kufika mahakamani. Muuguzi mshauri wa wanasheria anawafafanulia mawakili maana ya kilichoandikwa kwenye faili. Wapo pia wanaokaa upande wa hospitali, wakihakikisha madai yanatoka yakiwa sahihi.

Kwa anayetoka wodini leo, ninashauri aanzie ukaguzi wa madai. Utaona maelfu ya madai ya kawaida kabla ya kukutana na yasiyo ya kawaida. Asiyelijua dai safi ataona wizi kila mahali.

Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja unaomba kazi ipi na itakutaka ufanye nini siku ya kwanza.

## Hatua ya 2: Zijue sura za udanganyifu, kisha ujue mpaka wake

Sura zinazojirudia ni hizi. *Huduma hewa*: kudai kitu ambacho hakikufanyika. *Kupandisha msimbo*: mgonjwa alionwa kwa dakika tano kwa mafua, dai likaandikwa mashauriano marefu ya kibingwa. *Kuvunja kifurushi*: upasuaji una bei moja inayojumuisha nyuzi, bandeji na ziara ya baadaye, lakini kila kimoja kinadaiwa peke yake juu ya bei hiyo. *Huduma isiyohitajika*: ilifanyika kweli, ila ugonjwa haukuitaka. *Kadi ya kuazima*: anayetibiwa si mwenye kadi. *Malipo ya rufaa*: daktari analipwa kwa kila mgonjwa anayempeleka kwenye maabara au duka la dawa fulani.

Wanachama nao hudanganya, na wafanyakazi wa bima pia. Asiyeamini hivyo atachunguza hospitali peke yake na kukosa kesi nyingi.

Sasa mpaka, ambao wengi hawaujui. Dai lisilo sahihi linaweza kuwa kosa la mkono, uzembe, matumizi mabaya ya mfumo, au udanganyifu. Udanganyifu unahitaji nia: mtu alijua si kweli, akadai ili alipwe. Nia haionekani kwenye karatasi moja. Inajengwa na mtindo unaojirudia, na makosa ambayo kila mara yanamnufaisha mtu yuleyule, na maelezo yanayobadilika kila yanapoulizwa. Karani aliyechoka hukosea pande zote mbili. Siku nyingine hudai pungufu. Makosa yanapoelekea upande mmoja tu mwaka mzima, hapo unauliza.

Umefanikiwa ukiweza kutaja, kwa kila sura hapo juu, maelezo mawili yasiyo ya wizi yanayoweza kuzaa dai lilelile.

## Hatua ya 3: Jifunze misimbo, lakini usizame humo

Kila dai lina msimbo wa ugonjwa na wa tiba. Katika ICD-10, I10 ni shinikizo la damu la kawaida, E11 ni kisukari aina ya 2, J18 ni nimonia isiyotajwa kimelea, O80 ni kujifungua kwa njia ya kawaida na O82 ni kujifungua kwa upasuaji. Misimbo ya tiba hutofautiana kulingana na bima. Marekani hutumia mfumo wa CPT unaomilikiwa na American Medical Association, na kwingineko kila bima inaweza kuwa na orodha yake.

Usijaribu kukariri. Jizoeze kuuliza kama misimbo miwili inaendana. O80 ikiwa jirani na ada ya chumba cha upasuaji, simama hapo. Msimbo wa ugonjwa wa wanawake kwa mgonjwa wa kiume unaweza kuwa tarakimu iliyoteleza, au kadi iliyoazimwa.

Wiki mbili za kusoma misimbo thelathini ya wodi yako mwenyewe zinatosha kwa sasa.

## Hatua ya 4: Soma faili mara tatu, na dai uliache mpaka mara ya pili

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tutakaa.

### Mara ya kwanza: faili peke yake

Lifunike dai. Soma faili lote kisha uchore mstari wa muda: tarehe, saa, tukio, nani aliandika, ukurasa gani. Mgonjwa aliingia saa ngapi? Nani alimpokea? Dozi ya kwanza ilitolewa lini? Aliruhusiwa lini?

Kwa nini dai lisubiri? Ukilisoma kwanza, macho yatatafuta kile lilichokwambia. Utaona neno "antibiotiki" kwenye maelezo ya daktari na kuhesabu kuwa ilitolewa, wakati aliiagiza tu. Kuagiza, kutoa dukani na kumpa mgonjwa ni hatua tatu, na kila moja ina karatasi yake. Muuguzi anajua hili bila kufundishwa. Wakaguzi wasiotoka wodini hulijifunza kwa taabu.

### Mara ya pili: dai juu ya mstari wa muda

Sasa lifungue dai. Kwa kila mstari wa bili jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu: Lingeweza kufanyika? Lilifanyika? Lilihitajika? Anza na kuwezekana kwa sababu ni rahisi kuthibitisha. Malizia na kuhitajika, kwa sababu hapo ndipo wataalamu hutofautiana kwa haki.

Mfano wa dawa. Mtu mzima amelazwa Jumatatu usiku kwa nimonia, ameruhusiwa Alhamisi mchana. Dai lina vichupa 12 vya seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, kila kimoja gramu 1. Chati ina dozi tatu za gramu 2, Jumatatu, Jumanne na Jumatano usiku, zote zimetiwa saini. Hiyo ni vichupa 6. Vingine 6 viko wapi?

Kabla hujanyanyua kalamu, fikiria mgonjwa mwenye homa ya uti wa mgongo kwa siku hizohizo. Yeye anaweza kupewa gramu 2 kila baada ya saa 12: Jumatatu usiku, Jumanne mara mbili, Jumatano mara mbili, Alhamisi asubuhi. Dozi sita, vichupa 12. Namba ileile, na dai linaweza kuwa halali kabisa. Kwa hiyo namba peke yake haisemi kitu mpaka uiweke kando ya ugonjwa, agizo la daktari na saini za chati. Halafu uliza swali la wodini: je, duka la dawa lilitoa dozi za siku zote kwa mkupuo mmoja, na zilizobaki zikarudishwa bila bili kupunguzwa? Hilo nalo ni kosa linalorudishwa fedha, lakini si lazima liwe wizi.

Mfano wa uzazi. Dai ni la upasuaji wa kujifungua. Kwenye faili kuna patografu (chati ya maendeleo ya uchungu) inayoonyesha njia imefunguka sentimita 10. Muuguzi mgeni huruka hapa na kusema alizaa kawaida. Pole pole. Mama anaweza kufika sentimita 10 na bado akapelekwa chumba cha upasuaji mtoto asiposhuka. Tafuta vitu ambavyo upasuaji hauwezi kufanyika bila kuviacha nyuma: fomu ya ridhaa, karatasi ya ganzi au nusu kaputi yenye presha na mapigo yaliyopimwa wakati wote wa upasuaji, hesabu ya vitambaa na vifaa kabla na baada, ripoti ya mpasuaji, jina kwenye rejista ya chumba cha upasuaji, mpira wa mkojo, maelezo ya kidonda siku iliyofuata. Kikikosekana kimoja, ni pengo. Vikikosekana vyote, na maelezo ya muuguzi asubuhi yakasema "mama anatembea, msamba uko salama", una jambo la kupeleka mbele.

Mfano wa kuongezewa damu. Chupa tatu zimedaiwa. Kila chupa ina namba yake, na namba hiyo lazima iwe imeandikwa. Presha, mapigo na joto hupimwa kabla ya kuanza, karibu dakika 15 baada ya kuanza, na mwisho. Chupa moja haitakiwi kupita saa 4 tangu itoke kwenye jokofu. Mgonjwa aliyepokelewa saa kumi alasiri na kuruhusiwa nyumbani saa mbili usiku alipewaje chupa tatu? Inawezekana kuziharakisha kwa anayetoka damu nyingi, lakini mtu wa namna hiyo haruhusiwi usiku uleule. Angalia jinsi maswali mawili madogo, ya muda na ya hali ya mgonjwa, yanavyobanana.

### Mara ya tatu: faili kama kitu

Usisome maneno tena. Tazama mwandiko, kalamu, mpangilio. Zamu tatu, wauguzi watatu, mwandiko mmoja? Presha 120/80 kila baada ya saa nne kwa siku tano kwa mgonjwa aliyelazwa kwa shinikizo la damu? Karatasi ya siku ya nne iliyojazwa bila mkato wala doa, wakati za kwanza zimepigwa matone ya iodini na kukunjwa pembe?

Faili la kweli lina uchovu ndani yake. Saa tisa usiku mwandiko hulegea. Zamu ikizidiwa, kipimo kimoja hurukwa na kingine huandikwa baadaye. Faili safi kupita kiasi linastahili kuangaliwa tena.

Kwenye faili la kompyuta, mwandiko haupo, lakini kuna kumbukumbu ya nani aliingia kwenye mfumo na saa ngapi. Iombe. Maelezo ya siku tano yaliyoingizwa na mtu mmoja ndani ya dakika kumi na mbili, wiki moja baada ya mgonjwa kuruhusiwa, yanasema kitu ambacho mwandiko usingesema.

Onyo kubwa la hatua hii. Tulifundishwa wodini kwamba ambacho hakikuandikwa hakikufanyika. Kanuni hiyo ni nzuri kwa kumlinda mgonjwa. Kwenye uchunguzi ni hatari. Wewe mwenyewe umewahi kumgeuza mgonjwa, kumsafisha, kumpa maji, ukasahau kuandika kwa kuwa kitanda cha jirani kilikuwa kinapigania uhai. Ambacho hakikuandikwa *hakijathibitishwa*. Bima inaweza kuwa na haki ya kutokilipia, lakini huna haki ya kusema hakikutokea.

Umefanikiwa ukiweza kumpa mtu asiyekuwa muuguzi mstari wako wa muda, naye akakuta kila tukio kwenye ukurasa ulioutaja bila kukuuliza.

Fanya zoezi hili kwa mafaili kumi ya kubuni. Mwombe mwenzako atunge matano, baadhi yakiwa safi kabisa. Ukikuta udanganyifu kwenye faili safi, rudi mwanzo wa hatua hii.

## Hatua ya 5: Toka kwenye faili moja, tazama madai mia

Faili moja linaweza kudanganya vizuri. Mia hayawezi, kwa sababu hesabu za dunia ya kweli zina mipaka.

Chukua usafishaji wa damu kwa mashine. Kipindi kimoja huchukua kama saa 4, bado kufunga mipira na kusafisha mashine. Mashine moja ikihudumia watu watatu kwa siku imefanya kazi kwelikweli. Kituo chenye mashine 6 kinafika vipindi 18. Ukichuja madai ya bima *moja* ukakuta vipindi 23 siku ya Jumanne, na kituo hicho kina wagonjwa wa bima nyingine pia, umepata swali lisilokwepeka. Kabla ya kulipeleka popote, thibitisha idadi ya mashine na saa za kazi. Kituo kinaweza kuwa kilinunua mashine mbili mwezi uliopita, au kinafanya zamu ya usiku.

Kisha linganisha watu. Wengi husafishwa mara tatu kwa wiki. Jina lenye vipindi 13 kila mwezi bila kukosa, ukiwemo mwezi ambao madai mengine yanaonyesha amelazwa hospitali tofauti siku tisa, hilo ni la kufuatilia. Hapa uuguzi unakusaidia tena: anayejua ugonjwa wa figo anajua kwamba watu hawa hukosa vipindi, huugua, husafiri, hufiwa. Ukamilifu wa namna hiyo ni nadra.

Jizoeze kwa lahajedwali la safu 200 ulilotunga mwenyewe. Chuja tarehe zinazojirudia kwa mtu mmoja. Jumlisha dakika za mashauriano za daktari mmoja kwa siku. Zikipita saa 24, huhitaji mtaalamu mwingine kukuambia. Tafuta watu wa familia moja waliopewa ugonjwa mmoja, dawa moja, siku moja, kisha jiulize kama ni kuhara kulikoingia nyumbani au kadi zilizokusanywa kaunta.

Umefanikiwa ukiweza kutoka kwenye safu 200 na kesi tatu tu za kufungua, na sababu ya kila moja kwa sentensi mbili.

## Hatua ya 6: Andika ulichokiona, usiongeze neno

Hapa ndipo yule muuguzi wa mwanzo alipoanguka. Linganisha.

*Isiyofaa:* "Wauguzi wa hospitali hii waligushi chati ili waibe dawa."

*Inayofaa:* "Dai linaonyesha vichupa 12 vya seftriaksoni gramu 1. Chati ya dawa, ukurasa wa 14, ina dozi 3 za gramu 2 zilizotiwa saini, sawa na vichupa 6. Agizo la daktari, ukurasa wa 5, ni gramu 2 mara moja kwa siku. Sikukuta kwenye faili kumbukumbu ya vichupa 6 vilivyobaki. Ninapendekeza kuomba rejista ya duka la dawa ya tarehe hizo."

Ya pili ni nzito zaidi, ingawa haimtuhumu mtu. Inaweza kusomwa na wakili, daktari na mhasibu, na wote wakaelewa kitu kimoja. Ya kwanza ikifika kwa wakili wa upande wa pili, ataanza kwa kuuliza ulijuaje wauguzi waligushi, na kesi nzima itaanza kuvuja kutokea hapo.

Mpangilio ninaouamini: kilichoombwa kuchunguzwa, nyaraka ulizosoma na idadi ya kurasa, ulichokikuta, kila jambo na ukurasa wake, ambacho hukukikuta, maelezo yanayowezekana, hatua inayofuata. Maneno "wizi", "njama" na "uongo" usiyatumie. Hayo ni ya hakimu. "Sikukuta" ni neno la mchunguzi. "Hakuna" ni neno la mtu aliyefungua kila droo duniani.

Andika pia yanayomtetea mchunguzwaji. Wapo wakuu wasiopenda sehemu hiyo. Iandike vilevile. Nyuma ya kila dai kuna wauguzi wanaoweza kupoteza leseni kwa neno lako, na wengine hawakujua kabisa kilichoandikwa ofisi ya bili baada ya zamu yao kuisha.

Umefanikiwa ukiweza kumpa mchunguzwaji ripoti aisome, naye akapinga maana yake lakini asipate sentensi moja isiyo ya kweli.

## Hatua ya 7: Kuongea na wagonjwa na watumishi

Utafika mahali faili limekwisha na inabidi umuulize mtu. Nenda na mwenzako. Jitambulishe kwa jina na kazi yako, na usijifanye muuguzi wa hospitali ile. Uliza maswali yasiyobeba jibu: "Nieleze ulivyohudumiwa tangu ulipofika," kisha nyamaza. Ukiuliza "Hukupasuliwa, sivyo?", umempa jibu na umeuharibu ushahidi.

Usimtajie ndugu ugonjwa wa mgonjwa. Dai linaweza kuonyesha dawa ambazo mume hajui mkewe anazitumia, na ukweli huo si wako kuutoa.

Muuguzi mwenzako atakapokaa mbele yako na mikono ikimtetemeka, utatamani kumfariji au kumkaripia. Usifanye chochote kati ya hayo. Mpe maji, mpe muda, rudia swali.

## Hatua ya 8: Vyeti, kwa kipimo

Cheti cha CFE (mchunguzi wa udanganyifu aliyeidhinishwa) cha Association of Certified Fraud Examiners kinatambulika nchi nyingi, na kinadai sifa za elimu na uzoefu pamoja na mtihani. Marekani kuna pia AHFI ya National Health Care Anti-Fraud Association, iliyolenga udanganyifu wa afya moja kwa moja. Kozi ya misimbo ya tiba inasaidia ikiwa inafundisha mfumo unaotumika unakoomba kazi.

Usianze na vyeti. Soma kwanza masharti ya kujiunga, maana baadhi yanadai uwe tayari kwenye kazi hii. Nimeona watu wakitumia akiba yao kwa kozi tatu na bado hawawezi kuchora mstari wa muda.

## Hatua ya 9: Maombi na usaili

Kwenye wasifu, geuza kazi ya wodi iwe lugha ya uchunguzi bila kudanganya. Badala ya "nilihudumia wagonjwa kwa upendo", andika "nilihakiki chati za dawa za vitanda 28 kila makabidhiano na kuripoti tofauti kwa msimamizi". Kama uliwahi kuhesabu dawa za kulevya za tiba, kukaa kwenye kamati ya vifo vya uzazi au kukagua mafaili ya wodi, hayo yaende juu ya ukurasa.

Ukipewa faili na saa moja, igawe. Dakika 25 za kwanza, mstari wa muda, dai likiwa limefunikwa. Dakika 15, dai juu ya mstari. Dakika 5, faili kama kitu. Dakika 15 za mwisho, andika. Usipomaliza kurasa zote, sema umeishia ukurasa gani. Wasaili wanaopima kazi hii huheshimu mpaka uliotajwa kuliko hitimisho la kubahatisha.

Ukiulizwa "Je, huu ni udanganyifu?", eleza ulichokikuta, ulichokikosa na karatasi utakayoiomba kesho. Watakubana mara ya pili. Rudia jibu lilelile.

## Hatua ya 10: Wiki za kwanza kazini

Siku ya kwanza, orodhesha kwa maandishi hospitali zote ulizofanyia kazi na ndugu zako walioko kwenye huduma za afya, umpe msimamizi wako. Kesi yoyote inayogusa orodha hiyo iende kwa mwingine. Usisubiri kuulizwa, na usijiamini kwamba utakuwa wa haki. Ripoti sahihi iliyoandikwa na shemeji wa mganga mkuu haina thamani.

Zawadi yoyote kutoka kwa mtoa huduma irudishe siku hiyohiyo na uandike kwamba umeirudisha, hata kama ni kalenda.

Omba upewe kesi tano zilizofungwa zamani, zikiwemo mbili zilizoshindwa. Soma ripoti za mwanzo kabla ya kusoma matokeo, uandike pembeni karatasi ipi wewe ungeiomba. Kisha fungua matokeo na ulinganishe. Kwenye zile zilizoshindwa, tafuta mahali ambapo mchunguzi aliandika kitu ambacho hakukiona. Mara nyingi ni sentensi moja, na utaitambua.